Gemu za mezani Dar: nichukue fremu Sinza au nibaki na simu yangu?

KeteSitiniNne (mtoa mada):

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Nauza gemu za mezani. Kabla hamjaniuliza: si dubwi, si kubeti, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha hainihusu kabisa. Natanguliza hilo kwa sababu mjomba wangu mpaka leo anaamini nina mashine mahali fulani zinameza sarafu za watoto wa watu. Nauza ludo, drafti, keram, sataranji, Scrabble, Monopoly, karata za watoto za kujifunzia herufi, na zile za kigeni kama Catan kwa wachache wanaozijua. Na bao. Bao la kiswahili lenyewe, mashimo 32 na kete 64, mbao ya mninga, nachongesha Keko.

Nina miezi 14 kwenye hii kazi. Stoo ni chumba cha pili hapa ninapokaa Kijitonyama, duka ni simu. Picha naweka Instagram na WhatsApp, mteja analipa kwa Lipa Namba au boda akishafika. Mikoani natuma kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi.

Wiki iliyopita dalali kanipigia. Fremu ya duka Sinza, barabarani kabisa, 350,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo. Mke wangu anasema chukua, biashara isiyo na mlango watu wanaiona kama umachinga wa mtandaoni. Nikakaa na daftari usiku.

Kodi ya miezi 6 ni 2,100,000. Dalali anakula mwezi mmoja, 350,000. Rangi, shelfu na bango niliambiwa nisishuke chini ya 900,000. Hapo sijauza hata kete moja na 3,350,000 imeondoka. Kisha kila mwezi kuna kijana wa dukani, 200,000, na Luku, taka na ulinzi shirikishi, tuseme 60,000. Ukijumlisha na kodi ni 610,000 kwa mwezi. Faida yangu kwa gemu moja, nikichanganya ndogo na kubwa, ni kama 18,000. Maana yake niuze gemu 34 ndipo mlango uwe umejilipa, na mimi sijala.

Mwezi wa kawaida nauza 22. Desemba iliyopita nilifika 71.

Kwenye simu natumia bando 40,000, kusponsa matangazo 150,000, na boda zinazorudi na mzigo kama 30,000. Gemu 13 zinafidia. Kwa daftari, jibu liko wazi. Sasa kwa nini bado nasumbuka?

Kwa sababu ya kufundisha. Mtu akinunua sufuria mtandaoni hahitaji kuelekezwa. Gemu unamuuzia mtu kitu asichojua kukitumia, na maelekezo yako kwa Kiingereza cha herufi za sisimizi. Nina mama mmoja wa Mbagala alinunua gemu ya 95,000, siku ya tatu akanipigia saa nne usiku, familia nzima imekaa, "kijana, hizi mbao za rangi tunazifanyaje?" Nilimwelekeza dakika 50 kwa simu. Kesho yake akaomba kuirudisha. Sikumlaumu. Akiwa dukani, ningemkalisha kwenye meza dakika kumi na angeondoka na mbili.

Na lingine ni uaminifu. Wateja wa mtandaoni wameshalizwa sana, wanatuma hela hawaoni mzigo. Nusu ya mazungumzo yangu ya WhatsApp ni "ofisi yenu iko wapi?" Nikisema natuma popote, mtu anapotea. Nikisema Sinza mtaa fulani, hata kama haji, ananunua.

Naombeni mawazo, hasa mliowahi kukaa pande zote mbili.

---

Winga wa Aggrey:

Mkuu chukua fremu, ila si Sinza.

Mimi ni winga, miaka saba nasimama mitaa ya Aggrey na Livingstone, Kariakoo, bidhaa za watu nauza kama zangu. Nawajua wauza mtandao wote, asubuhi wanakuja kupiga picha kwenye shelfu za watu, mchana wanaposti "mzigo mpya umeingia", jioni wanakuja kuchukua kipande kimoja. Wewe angalau una stoo yako, heshima kwako.

Ila ludo na karata za kawaida hazitafutwi Sinza. Wanaozinunua wanakuja Kariakoo kutoka Morogoro na Lindi, wanachukua dazeni. Fremu za chini Kariakoo usizifikirie, unaweza kukuta kodi siyo shida, shida ni kilemba, hela ya kumpa anayetoka ili akuachie. Tafuta chumba gorofani. Ghorofa ya tatu hakuna mpita njia, lakini anuani inasomeka Kariakoo, na mawinga kama mimi tutakuletea wateja kwa kamisheni yetu.

Na acheni tabia ya "bei inboksi". Hiyo peke yake inafukuza watu kuliko kukosa fremu.

---

Msomaji Kimya:

Siti ya mbele. Nasubiri wataalamu.

---

Bandari Salama:

Mtoa mada hujagusa mzigo unavyofika, na kwangu mimi hapo ndipo jibu lilipo.

Naagiza vitu vya plastiki kutoka Guangzhou, kago ya meli. Kwenye meli hulipii uzito, unalipia nafasi, kwa CBM, yaani mita ya ujazo. Boksi la gemu kubwa la sentimita 30 kwa 30 kwa 7 ni sentimita za ujazo 6,300. Kwenye CBM moja yanaingia 158 kwa hesabu ya karatasi, na makatoni yakikaa vibaya ni pungufu ya hapo. Ukilifungua, nusu ni hewa na trei ya plastiki. Gemu ya karata yenye boksi la 12 kwa 9 kwa 4 ni sentimita za ujazo 432. Zinaingia zaidi ya 2,300 kwenye nafasi ileile. Ukija kwa ndege ndiyo kabisa, wanapima ujazo wa boksi kwa sentimita, wanagawa kwa 6,000 au 5,000 kupata kilo za boksi, na kama hizo zinazidi kilo za mzani wanakuchaji za boksi.

Juu ya hapo ushuru wa forodha, halafu VAT ya 18% inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, siyo juu ya bei uliyonunulia.

Kwa hiyo boksi kubwa limelipia hewa baharini, litalipia hewa kwenye stoo yako, na boda hawezi kubeba matano. Fremu inafaa vitu vikubwa vinavyoonekana. Simu inafaa vidogo. Chagua unauza nini kwanza, mahali patajichagua. Mimi ningeacha maboksi makubwa yote isipokuwa kwa oda.

---

Mtoto wa Temeke:

Samahani mkuu lakini hii biashara ni ndoto. Kijiweni kwetu watu ishirini wanacheza drafti kila siku kuanzia saa tisa. Ubao ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa kalamu, kete ni vizibo vya soda, weupe wamevigeuza juu chini. Gharama sifuri. Nani atatoa elfu sitini?

---

KeteSitiniNne (mtoa mada):

Mtoto wa Temeke, umenichoma lakini umesema kitu nilichokitambua baada ya kupoteza pesa. Miezi mitatu ya kwanza niliwafuata hao hao. Nilikwenda vijiweni Magomeni, Ilala, Tandika na drafti za kung'aa. Walinikaribisha, wakanipiga mechi sita mfululizo, wakanirudishia ubao wangu. Hakuna aliyenunua. Ubao mmoja unawatosha watu ishirini kwa miaka kumi, na mchezaji mzuri anaona fahari kushinda kwa vizibo.

Nikafungua daftari la mauzo nikaangalia majina. Kati ya kila wanunuzi kumi, sita au saba ni kina mama, na wengi wao hawachezi. Wananunua kwa ajili ya watoto wakati wa likizo, au zawadi. Wanaofuata ni ofisi zinazokwenda kulala Bagamoyo siku mbili na zinataka kitu cha kuwachangamsha wafanyakazi. Kisha shule. Kisha wenye nyumba za wageni za ufukweni, hao ndio wateja wa bao.

Wanaocheza hawanunui, wanaonunua hawachezi. Ndiyo maana naogopa fremu. Fremu nitajaza wachezaji. Watakaa kwenye benchi, watacheza, wataomba maji.

---

Mama Daftari:

Mwanangu habari. Mimi nina duka la steshenari Tabata, mwaka wa tisa huu, na ludo na nyoka na ngazi nauza tangu siku ya kwanza. Nikuambie ninachokiona kaunta.

Gemu ina misimu. Juni shule zikifunga, na Desemba. Januari hakuna anayekumbuka gemu, kila mtu ana ada, sare na madaftari. Wakati wa mgao wa umeme ule wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujawashwa Februari 2024, niliuza ludo mpaka zikaniishia, maana televisheni imezima na watoto wako ndani. Umeme ukarudi, ludo zikalala. Sasa wewe unataka kulipa kodi miezi 12 kwa kitu kinachouzika miezi mitatu? Mimi ludo inanilipa kwa sababu madaftari ndiyo yanalipa kodi.

Mama haji dukani kutafuta gemu. Anakuja kununua kalamu na rangi, mtoto anaona boksi, mtoto analia, mama anauliza bei. Hiyo ndiyo biashara yote. Kwenye fremu yako Sinza huyo mama ataingia kufuata nini?

Ushauri wangu: wapelekee wenye steshenari kwa mali kauli. Unaacha vipande vitano, kikiuzika unapewa chako, kisichouzika unachukua. Sisi hatutoi mtaji na wewe hulipi kodi. Ila andika kwenye karatasi na wapitie kila Jumamosi, wengine wetu ni wasahaulifu kwa makusudi. Na funga boksi moja la mfano likiwa wazi, lililobaki liwe na nailoni yake. Watoto wakifungua, kete moja ikipotea, gemu nzima imekufa.

---

Winga wa Aggrey:

Mama hapo umenimaliza. Ila mali kauli Kariakoo imeua watu wengi. Unaacha mzigo, mwezi ujao fremu ina mtu mwingine na anakuangalia kama mgeni.

---

Mama Daftari:

Ndiyo maana nikasema apitie kila Jumamosi, mwanangu. Na aanze na wenye duka la zaidi ya miaka mitano.

---

Aliyerudi:

Nilisoma Kanada. Toronto kuna sehemu inaitwa Snakes & Lattes, ilifunguliwa 2010. Unalipia kiti, unakunywa kahawa, ukuta mzima umejaa gemu, na kuna wafanyakazi ambao kazi yao ni kukufundisha kucheza. Gemu za kununua wanazo pia, lakini wanaishi kwa kiti na chakula. Kwa nini usifanye hivyo Masaki? Watu wa huko wana hela.

---

Mtoto wa Temeke:

Kulipia kiti! Dar! Mkuu hapa mtu ananunua kikombe kimoja cha kahawa na kashata anakaa mpaka isha, na muuza kahawa anamshukuru.

---

KeteSitiniNne (mtoa mada):

Aliyerudi, wazo la mwalimu wa gemu nalichukua, wazo la kiti naliacha. Kodi ya Masaki, kabla ya katazo la 2025, wengine walikuwa wanadai kwa dola mpaka mtu anasahau ni Tanzania. Halafu jikoni ni biashara nyingine kabisa yenye vibali vyake. Sijui hata kukaanga yai.

---

Fundi Randa:

Wanangu, mimi siyo mtu wa mitandao, kijana wangu ndiye ananiandikia. Nachonga bao.

Mnabishana duka au simu, mimi nawaambia muangalie ubao wenyewe. Bao la kiswahili linaanza na kunamua, hatua ya kuingiza kete. Ubaoni unaweka kete kumi tu, sita kwenye nyumba, lile shimo kuu la mstari wa mbele, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, ziko mkononi, unaziingiza moja moja. Zikiisha ndipo mnaingia mtaji, hatua ya pili. Hakuna mtu anayecheza mtaji na kete ziko mkononi. Na ile nyumba, ukishaisafirisha, imekwisha, haiwi nyumba tena mpaka mchezo unamalizika. Vijana wengi nawafunga hapo. Wanaona nyumba imejaa, wanaimwaga mapema wapate kete mbili za mbele.

Huyu mtoa mada ana milioni tatu na ushee na bado ananamua.

Kuhusu bao kuuzwa kwa picha: haliuziki vizuri. Mtu anataka kulinyanyua asikie uzito, anapitisha kidole kwenye shimo aone kama limelainishwa. Mninga na mkongo kwenye simu vinafanana, mkononi havifanani. Bao la mapambo, lile la mtalii, peleka Mwenge kwenye vinyago, huko wanajua kuliuza. Bao la kuchezea mpe mchezaji mzee alikalie siku mbili, watu watamuuliza kalipata wapi.

---

Bandari Salama:

Mzee umeniacha mdomo wazi. Mtoa mada usisahau jambo moja la serikali. Ukichukua fremu, sheria inakutaka mpangaji ukate kodi ya zuio 10% ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba akikuambia "350,000 nataka safi mkononi", jua hiyo 10% itakuangukia wewe, kodi yako siyo 350,000 tena. Na ukibaki mtandaoni usidhani umejificha. TIN, namba yako ya mlipakodi, ni ileile, mauzo ni mauzo, yawe na ukuta au yasiwe nao.

Pia usitegemee mtandao mmoja. Jumia walikuwa wakubwa na waliondoka Tanzania Novemba 2019, waliokuwa wamejenga duka lao mle wakaanza upya. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, mimi nilikaa siku nzima naangalia duara likizunguka. Namba za wateja ziandike kwenye daftari la karatasi.

---

KeteSitiniNne (mtoa mada):

Mrejesho, wakuu. Zimepita wiki tisa, niliahidi baadhi yenu inboksi.

Fremu sikuchukua. Dalali kaninunia, na mke wangu aliacha kuniongelesha siku mbili. Baada ya mwezi tumepita pale Sinza, imechukuliwa na mtu wa vipodozi, imependeza, mke wangu akaniangalia bila kusema neno. Nilikaza shingo.

Nilichofanya. Nimepeleka mzigo kwa mali kauli kwenye steshenari nne: Tabata, Kinondoni, Mbezi na Kimara. Vipande vitano vitano, ludo, nyoka na ngazi, na karata za herufi tu, hakuna boksi kubwa. Tatu zinakwenda vizuri. Ya nne, ile niliyopewa na rafiki ya rafiki, vipande viwili "havionekani" na mwenyewe anasema labda panya. Panya wanaocheza ludo. Nimechukua vilivyobaki, tumeachana kwa amani.

Jambo la pili, meza. Kuna mgahawa maeneo ya Mwenge ambao Jumamosi mchana unakuwa mtupu, wafanyakazi wa ofisi za jirani hawapo. Nikamwomba mwenye mgahawa meza mbili kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, simlipi pango, watu wangu wanakula kwake. Jumamosi ya kwanza walikuja watatu, mmoja ni shemeji. Ya tano walikuwa 19. Nafundisha gemu moja kila wiki, na ninaitangaza Jumatano ili mtu ajue anakuja kujifunza nini. Wengi hawanunui siku hiyo. Wananunua Jumanne, kwa simu, na hawaulizi tena "ofisi yenu iko wapi", maana wameniona nikifungwa drafti na mtoto wa darasa la sita.

Tatu, nimetafsiri maelekezo ya gemu nane kwa Kiswahili, ukurasa mmoja mmoja, nimechapisha na naweka ndani ya boksi. Nimerekodi na sauti pia, dakika nne, nakutumia WhatsApp ukishanunua. Ilinichukua majuma mawili kupata namna ya kusema "zamu yako inaisha usipolipa" bila kusikika kama mgambo. Yule mama wa Mbagala nilimpelekea ile gemu yake tena na karatasi. Hajapiga simu, na hajairudisha. Sijui kama wanacheza au imewekwa juu ya kabati, lakini kalipa.

Boda zinazorudi bado ni kero. Sasa anayenunua mara ya kwanza analipia nauli ya boda kabla, ya mzigo analipa akipokea. Wapo waliokasirika. Waliokasirika ndio walewale waliokuwa hawapokei simu boda akifika getini.

Mauzo ya mwezi jana ni 37, na siyo Desemba. Faida kwa kipande imeshuka kidogo kwa sababu ya fungu la wenye steshenari, inacheza kwenye 15,000. Duka nimelisogeza kwa mwakani, na nikilichukua litakuwa stoo yenye meza, gorofani, kama Winga alivyosema, siyo kioo cha barabarani. Ila maboksi makubwa, Bandari Salama, nimeshindwa kuyaacha yote. Catan mbili zipo. Nazipenda.

---

Winga wa Aggrey:

Nilijua utarudi gorofani. Chumba kikipatikana nitakushtua, kamisheni yangu unaijua.

---

Mama Daftari:

Hongera mwanangu. Karata za herufi zimebaki mbili, Jumamosi njoo na kumi. Na uje na kitabu chako cha risiti, mara ya mwisho ulisahau.

---

Msomaji Kimya:

Mkuu, nimefuatilia uzi toka mwanzo. Nataka lile bao la mninga kwa ajili ya mzee wangu, yuko Tanga. Bei gani?

---

KeteSitiniNne (mtoa mada):

Karibu sana mkuu. Njoo inboksi.

---

Winga wa Aggrey:

🤦🏾‍♂️